“Nyinyi Wapemba mnataka nini hasa?”

Nilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa 2009 na begi moja, kuja kumsaidia kaka yangu kwenye duka lake la rejareja Tandika. Duka lilikuwa na jina, limeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango, lakini sijapata kumsikia mtu akilitaja. Mtoto aliyetumwa sukari robo na kibiriti alitumwa “kwa Mpemba”. Kaka alikuwa Mpemba mkubwa, mimi nikawa Mpemba mdogo, na kaka aliporudi nyumbani kuoa nikabaki Mpemba peke yangu.

Jina lenyewe halikunikera. Wachaga nao wana maduka yao mjini, kila mwenye duka huitwa Mangi, na maisha yanaendelea. Kilichoniumiza ni yale yaliyokuja yamebebwa na jina.

Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, mteja wa kila siku. Asubuhi hununua mkate na majani ya chai, kisha hukaa kwenye benchi la nje kupumzisha magoti. Siku ya tatu au ya nne tangu tujuane aliniangalia akaniuliza, kwa upole kabisa, “Hivi nyinyi Wapemba mnataka nini hasa?” Nikadhani anauliza habari za bidhaa. Akaendelea: kila uchaguzi nyinyi ni kelele, kila uchaguzi mmeibiwa, Muungano hamuutaki, serikali hamuitaki. Hakuwa na ubaya moyoni, na nimemheshimu mpaka leo. Ila alikuwa akiniuliza kana kwamba kisiwa kizima kimenituma mimi nije kujibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimrudishia chenji yake nikasema, “Mzee, sisi tunataka wateja tu.” Akacheka. Mimi nililala na lile swali.

Baada ya hapo nililisikia kwa sura nyingi. Vijana wa kijiweni wakiiga lafudhi, “Yakhe, mnavunja lini Muungano?” Mwanamke aliyeniuliza kama ni kweli nyumbani kwetu mtu wa CCM hazikwi. Mwaka 2012 nilikuwa natafuta chumba changu mwenyewe kwa sababu nilikaribia kuoa. Mwenye nyumba alinionyesha chumba, tukaafikiana kodi ya miezi sita, nikaanza kumhesabia. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu, aliacha kuzihesabu zile noti akazikunja, akanirudishia mkononi. “Wapemba nawakubali kwa biashara na kwa uaminifu,” alisema, “lakini siasa zenu sizitaki kwenye nyumba yangu.” Mwaka ule magazeti yalijaa habari za Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar iliyoupinga Muungano, na vurugu za mjini Unguja. Mimi katika maisha yangu sikuwa nimekanyaga hata mkutano mmoja wa hadhara, achilia mbali wa Uamsho. Nilisimama pale uani nikiwa nimeshika noti zilizokunjwa, na nilichojisikia ni aibu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliona aibu mimi na si yeye.

Nadhani sababu mojawapo ni kwamba sikuweza kukataa kila kitu. Huo ndio uzito wa kubebeshwa sifa ya kwenu: ndani yake kuna kipande cha ukweli, na ukikikana unakuwa mwongo. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Kwa urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Mwaka 2005 majimbo yetu, sasa yakiwa yamepunguzwa hadi 18, yote yakaenda CUF tena. Mtu aliyeko Tandika akitazama ramani ya namna hiyo anaona rangi moja, na si rahisi kumlaumu akidhani ndani yake kuna mtu mmoja anayefikiri kichwa kimoja.

Lakini mimi nilikuwa naishi ndani ya ile rangi, na najua ilivyopakwa.

Enzi za utoto wangu, msimu wa karafuu ukifika Pemba, skuli zilifungwa. Watoto wanapanda mikarafuu na wakubwa, na jioni kila nyumba imekaa chini kuchambua. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unazidonoa karafuu kwa mwingine, makonyo huku, karafuu huku, mpaka kucha zinauma na harufu inaingia kwenye mto unaolalia. Asubuhi zinaanikwa juu ya majamvi. Wingu likitanda, anakimbia hata bibi asiyeweza kutembea vizuri. Zikikauka, baba anajitwisha gunia mpaka kituo cha shirika la serikali, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria hakukuwa na mnunuzi mwingine. Nakumbuka jioni moja alirudi, akazitandaza fedha mkekani, akazihesabu mara mbili, akanyamaza. Mama naye hakumuuliza. Upande wa pili wa bahari, Kenya, bei ilikuwa kubwa zaidi, na anayekamatwa na karafuu zake mwenyewe akizivusha aliitwa mtu wa magendo. Baba hakuwa msomi wa siasa. Alikuwa na mizani ya kichwani, na kila miaka mitano aliisoma.

Miaka ya baadaye, chini ya Dk. Ali Mohamed Shein, bei ya mkulima ilipopandishwa, baba yule yule alisimama barazani akasema wazi kwamba hapa serikali imefanya la maana. Alilisema mbele ya watu wasiopenda kulisikia. Kura yake aliipeleka wapi baadaye sijui, sijamuuliza, na si desturi kwetu mtoto kumuuliza baba yake kura.

Kuna na ya zamani zaidi. Wazee wetu walioishi miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964 wana simulizi za bakora za hadharani na foleni za chakula, na wanazisimulia kwa sauti ya chini hata leo. Walikuwa wakiitwa Hizbu, jina la chama kilichoondolewa madarakani, hata yule ambaye hakuwahi kuwa mwanachama. Kwa hiyo nilipoitwa CUF kule Tandika bila kuulizwa, nilikuwa nimerithi. Babu yangu aliitwa jina moja, mimi nikaitwa jingine, na sote wawili hatukuulizwa.

Na kuna ya Januari 2001. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tarehe 27, siku ya maandamano ya CUF ya kupinga uchaguzi wa 2000, mama alitufungia chumba cha nyuma, sisi watoto watano, akaweka kabati nyuma ya mlango. Tulisikia milio. Mdogo wangu aliuliza kama ni fataki, na hakuna aliyemjibu. Tume aliyoiunda Rais Mkapa, ikiongozwa na Hashim Mbita, ilihesabu watu 31 waliokufa Unguja na Pemba. Zaidi ya watu elfu mbili walivuka kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi kutoka nchi ambayo ulimwengu uliizoea kuwapokea wakimbizi. Vijana wawili wa mtaani kwetu walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo mtu akisema “Wapemba wana fujo”, mimi kwanza nakumbuka lile kabati.

Haya sikumwambia mzee wa reli. Ilinichukua muda kugundua kwamba hata ningemwambia, ningekuwa nimejibu kama mjumbe wa kisiwa, wakati kosa la swali lilikuwa kwenye neno “nyinyi”.

Maana hata hao wanaotajwa kama sura ya Pemba hawaingii kwenye boksi hilo. Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia Novemba 1995 alikuwa Dk. Omar Ali Juma, mtoto wa Wawi, Chake Chake, na huko Wawi ndiko alikozikwa alipofariki Julai 2001. Aliyemrithi ni Dk. Shein, mtu wa Chokocho, Mkoani, akakaa mpaka 2010, kisha akawa Rais wa Zanzibar miaka kumi. Wote wawili CCM. Yaani miaka kumi na tano mfululizo, wakati sisi tunaambiwa hatuutaki Muungano, mtu wa pili katika Muungano alikuwa Mpemba. Maalim Seif mwenyewe alikuwa Waziri Kiongozi ndani ya CCM kabla ya kufukuzwa chama mwaka 1988. Umeme unaowaka Pemba tangu 2010 unatoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, na mimi darasa la saba nimelisoma kwa kibatari. Na mwenye duka Tandika, Mtwara au Arusha, mvuvi anayepiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pwani ya bara miezi kadhaa, hao Muungano wanauishi kwa tumbo lao. Wana malalamiko juu yake, tena mazito. Lakini anayelalamikia ukuta wa nyumba si lazima awe anataka kuibomoa.

Jambo moja nililiona la ajabu kuliko yote, na nikilisema watu hawaamini. Watu waliokuwa wakijua nimempigia nani kura Zanzibar walikuwa wengi. Mimi sijawahi kupiga kura Zanzibar. Mwaka 2005 nilikuwa sijatimiza umri. Mwaka 2010 nilikuwa Dar, na sheria ilimtaka mpiga kura wa Zanzibar awe ameishi jimboni miaka mitatu mfululizo, awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awe anamtambua. 2015, hali ile ile. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipotangaza kuufuta uchaguzi, redio ya dukani ilikuwa wazi, na wateja watatu waliniangalia mimi kwa pamoja kabla hata tangazo halijaisha. Mmoja akasema, “Mpemba, msianze.” Nilikuwa nimeshika kijiko cha kupimia unga.

Lakini lazima nieleze habari ya meli, kwa sababu mzee wa reli hakuishia kwenye swali lile.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi. Tulipata simu alfajiri. Binti wa mama mdogo alikuwemo na mtoto wake mchanga. Sikufungua duka. Siku ya pili nilifungua kwa sababu nilishindwa kukaa ndani, nikawa nasimama nyuma ya kaunta na simu sikioni, nikipokea majina. Mzee alikuja kama kawaida. Hakununua mkate. Aliingia ndani ya duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapita upande wangu wa kaunta, akakaa juu ya gunia la mchele. Alikaa kimya karibu saa nzima. Wateja wakija, yeye ndiye aliyewaambia warudi baadaye. Mwishowe akaniuliza, “Mwanangu, wewe jina lako nani?”

Tulikuwa tumefahamiana zaidi ya miaka miwili. Nilimwambia jina langu. Akalirudia mara mbili, kama mtu anayelijaribu mdomoni, na tangu siku ile mpaka alipohama Tandika hakuniita Mpemba tena. Na lile swali halikurudi. Siasa tulizungumza, tena sana, hasa baada ya 2015, na mara nyingi hatukukubaliana. Alikuwa mtu wa CCM wa damu. Ila aliuliza “wewe unaonaje”, akasubiri jibu.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mtu aliyeonewa kisha akatambuliwa. Haitakuwa haki, kwa sababu kuna ami yangu.

Ami ni mdogo wake baba, na ni CCM tangu ujana wake. Pemba wapo maelfu kama yeye, ramani haikuwaonyesha. Alikuwa na duka dogo Wete, hatua chache kutoka kwetu: mafuta ya taa, sukari, sabuni ya mche, chumvi. Baada ya uchaguzi wa 1995 ndugu zetu wawili waliokuwa na ajira Unguja walirudi nyumbani bila kazi, na hasira ikaingia majumbani. Watu wakaanza kususiana. Mtu wa chama kile hanunui kwa mtu wa chama hiki, hapandi gari yake, hamjulii hali. Yule mwanamke aliyeniuliza kuhusu mazishi hakuwa ameyatunga: palikuwa na maiti waliokosa watu wa kuwabeba, nami nimeona jeneza likipita mbele ya baraza iliyojaa wanaume na hakuna aliyeinuka. Nyumbani kwetu halikutolewa tangazo. Mama alinipa tu kidumu cha mafuta na fedha, akasema, “Nenda duka la juu.” Duka la juu lilikuwa mwendo wa robo saa. Kwenda huko nilikuwa nampita ami kibarazani kwake. Nilikuwa na miaka saba, nane. Nilijifunza kupita nikitazama upande wa pili wa barabara. Nilijifunza vizuri mno, hadi nikawa sioni tena duka lile.

Kwa hiyo kabla sijaitwa jina la chama na mtu wa bara, mimi mwenyewe nilishamwita ami yangu hivyo, kwa miguu yangu.

Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif walikutana wakazungumza, na tarehe 31 Julai 2010 ikaja kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa. Zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo. Ramadhani iliingia siku chache baadaye. Nilikwenda nyumbani kwa wiki mbili. Siku ya pili ya mfungo, adhana ya magharibi ikikaribia, ami aliingia uani ameshika sinia la mkate wa kumimina, akasimama. Baba alikuwa amekwishakaa mkekani mbele ya tende, uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi. Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyetoa hotuba. Baba alisogea kushoto, mkeka ukabaki na nafasi. Ami akakaa. Walikula kwenye sinia moja na walizungumza habari za mbuzi aliyepotea.

Nilidhani yamekwisha. Halafu 2015 uchaguzi ukafutwa, Machi 2016 ukarudiwa, CUF wakaususia, na ususiaji wa zamani ukarudi Pemba na sura yake ile ile. Wazee wana msemo, Mpemba hakimbii mvua ndogo. Nimeupenda msemo huo tangu utoto kwa ushupavu wake, lakini mwaka ule niliona ushupavu huo huo ukimwangukia mtu mwenye duka la chumvi na sabuni, ambaye hakufuta uchaguzi wa mtu yeyote.

Nilikwenda Idi ya Julai 2016 na mke wangu na mtoto. Asubuhi ya pili mama alikosa sukari. Nikasema nitafuata. Baba alikuwa barazani na jirani zake, akaelewa nakwenda wapi kwa jinsi nilivyogeukia. “Watu watakuona,” alisema. Hakunikataza. Hasira yake naijua na siidharau; aliona kura yake ikifutwa kwa karatasi iliyosomwa televisheni. Nikamwambia najua, nikamshika mwanangu mkono tukaenda.

Duka lilikuwa tupu. Ami alikuwa amezeeka, miwani imefungwa uzi. Alimpa mwanangu peremende, akauliza habari za Dar, akauliza biashara inakwendaje, maswali ya mwenye duka kwa mwenye duka. Nilimwambia na mimi kule naitwa jina la chama ambacho sikujiunga nacho, na wapo walionikatalia nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anaifuta mizani kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

Kisha akasema, “Nilikuwa nakuona ukipita na kidumu chako. Nilikuwa najiuliza kama mafuta hayatamwagika, njia ndefu ile.”

Sikupata la kusema. Nilitaka kumwomba radhi na maneno yakanigoma. Alisubiri kidogo, akachota sukari, akaiweka mizani.

“Kilo ngapi, mwanangu?”

“Mbili, ami.”